SAUTI YAKO NI YA NANI?
Somo kwa vijana kutoka maisha ya Dk. Remmy Ongala



Karatasi hii umepewa bure hapa uwanjani. Usiikunje ukaiweka mfukoni ikasahauliwa, wala usiifungie karanga kabla hujaisoma. Nimeiandika kwa sababu ya deni, na deni lenyewe ni hili.

Tulikuwa na mkutano hapa hapa Sapiwi. Jioni moja baada ya mahubiri kijana mmoja alinifuata nyuma ya jukwaa, pale jenereta linapokaa. Alinisalimia kwa heshima akasema, "Mwinjilisti, mimi ni mwimbaji. Pamba ikishavunwa na ngoma zikianza, mimi ndiye naitwa. Wagika wananitaka, Wagalu wananitaka. Watu wananitunza hela. Sasa nauliza, nikiokoka hii sauti niipeleke wapi? Niitupe?"

Nilikuwa nimechoka, koo limekauka. Nikamjibu haraka, "Wewe njoo Jumapili, mambo mengine utajua huko huko." Jumapili hakuja. Wala ile ya pili yake. Mpaka leo nikipita kwenye mnada nikasikia mtu anaimba, nageuka kuangalia kama ni yeye.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Leo nalijibu kwa maisha ya mtu mmoja ambaye baba yako na mama yako wanamjua, maana redio ziliimba sauti yake nchi nzima. Labda na wewe unaye kwenye simu yako. Anaitwa Remmy Ongala.

1. MTOTO WA KINDU

Jina lake la nyumbani ni Ramazani Mtoro Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki ya Kongo, wakati huo ikitawaliwa na Wabelgiji. Alizaliwa tayari ana meno mawili ya mbele. Watu wa kwao waliona ni ishara kwamba mtoto huyu atakuwa mganga. Hapo ndipo ulipotoka ule mzizi wa kuitwa Dokta. Hakusomea udaktari wa hospitali. Nywele zake mamake hakuzikata, kwa maelekezo ya mganga, maana mama huyo alikuwa ameshapoteza watoto kabla yake na aliogopa kumpoteza na huyu.

Baba yake naye alikuwa mwimbaji na mpigaji. Kwa hiyo muziki Remmy hakuupata shuleni, aliukuta nyumbani kama wewe unavyoikuta ng'ombe na jembe. Lakini kabla hajawa mtu mzima alikuwa ameshazika baba na mama. Kijana yatima, hana shamba, hana kazi. Ana kitu kimoja tu, nacho ni sauti.

Wewe unayesoma hapa, labda na wewe umebaki na bibi. Labda shule iliishia la saba kama mimi. Unajua maana ya kuangalia mikono yako na kujiuliza, "Nina nini mimi?" Remmy alijiuliza, akaanza kuimba na kupiga gitaa katika bendi za Kongo, miaka na miaka, akitembea mji hadi mji.

2. MWENYE VYOMBO NDIYE MWENYE BENDI

Mwaka 1978 alivuka akaja Dar es Salaam. Aliitwa na mjomba wake aliyekuwa na bendi ya Orchestra Makassy. Baadaye akahamia bendi nyingine, nayo ndiyo iliyomtoa, Super Matimila.

Hebu angalia jina hilo. Matimila hakuwa mwimbaji. Alikuwa mfanyabiashara mwenye vyombo. Miaka ile gitaa la umeme, vipaza sauti na ngoma za kizungu vilikuwa ghali sana, fedha za kigeni hakuna. Mwanamuziki wa kawaida hakuweza kununua. Kwa hiyo bendi nyingi zilikuwa za mtu mwenye hela, au za chama, au za jeshi, au za jumuiya ya wafanyakazi kama ilivyokuwa NUTA Jazz tangu 1964. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Akigombana na mwenye vyombo, kesho yake anasimama barabarani mikono mitupu, hata kama nchi nzima inamjua.

Na sahani za muziki hazikuwa zikitengenezwa hapa nchini. Bendi ilikwenda studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ikarekodi, nyimbo zikapigwa hewani, watu wakazipenda mpaka vijijini. Malipo yalikuwa kidogo. Wajanja wakanasa nyimbo kwenye kaseti wakauza, na aliyeimba hakupata hata senti ya soda.

Kwa hiyo sauti ilikuwa ya Remmy, vyombo vya mtu mwingine, hela ya mtu wa tatu. Umesikia, kijana? Kuwa na sauti ni jambo moja. Kujua sauti hiyo ni ya nani na inamtumikia nani ni jambo lingine kabisa. Liweke swali hili akilini, tutalirudia.

3. ALIIMBA YA KWELI

Sasa usidhani nitakwambia kwamba nyimbo zake zote zilikuwa takataka. Huo ungekuwa uongo, na mwinjilisti hatakiwi kusema uongo hata kwa ajili ya kumvuta mtu.

Remmy hakuimba mapenzi tu. Aliimba mnyonge. Aliimba mtu asiye na hela anavyodharauliwa. Katika "Nalilia Mwana" alishika kilio cha mtu anayetamani mtoto. Katika "Siku ya Kufa" na katika "Kifo" aliimba jambo ambalo watu wakiwa kwenye starehe hawataki kulisikia. Hebu fikiria hiyo picha: ukumbi umejaa, bia mezani, watu wanacheza wanatoka jasho, na anayewachezesha anawaambia juu ya kaburi! Mtindo wake aliuita ubongo, maana alitaka watu wacheze huku wanafikiri.

UKIMWI ulipoingia, watu walikuwa wanakufa na wengi wakisema amerogwa. Kwetu huku unajua jinsi uchawi unavyosingiziwa kila kitu. Remmy akatoa wimbo uitwao "Mambo kwa Soksi". Soksi ile haikuwa ya mguuni, alikuwa anasema kondomu. Redio ya serikali haikuupiga. Sisi wahubiri tuna neno letu juu ya uasherati, tunasema kijana jitunze mpaka ndoa, na hatulifichi. Lakini tuwe wakweli. Wakati mimbari nyingi zilikuwa kimya na majirani wananong'ona, yule mtu wa muziki wa dansi alisimama akataja ugonjwa hadharani. Aliyekuwa na macho aliona kwamba huyu anawahurumia watu.

Nyimbo hizo zilifika mbali. Mwaka 1988 yeye na Super Matimila walikwenda Ulaya na maonyesho ya WOMAD, ambayo Peter Gabriel wa Uingereza alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Mwaka 1989 ikatoka albamu yake iliyorekodiwa katika studio ya Gabriel, jina lake kwa Kiswahili tungesema Nyimbo za Maskini. Mwaka 1992 ikafuata nyingine, "Mambo". Yatima wa Kindu, mwenye meno mawili ya kuzaliwa, Wazungu wanampigia makofi kwa wimbo wa Kiswahili! Na Dar es Salaam, pale Sinza alipokuwa akiishi, kituo cha basi kikapata jina lake. Mpaka leo kondakta anaita, "Kwa Remmy, wa kushuka!"

Sasa niulize. Mtu huyu alipata alichotafuta? Jina amepata. Ulaya amefika. Mashabiki anao. Lakini ule wimbo wa kifo haukuwa umejibiwa. Aliuuliza kwa gitaa miaka mingi, watu wakaucheza, taa zikazimwa, wakaenda kulala. Swali likabaki pale pale jukwaani.

4. MWENZAKE WA MAREKANI

Hapa naomba tuvuke bahari kidogo, maana yuko mtu mwingine aliyeenda njia hii kwa kuigeuza.

Marekani kuna muziki unaoitwa soul, maana yake nafsi. Wazee waliokuwa vijana wa mjini miaka ya 1960 wanaukumbuka. Hapa kwetu ulipendwa mpaka Novemba 1969 wakuu wa serikali waliupiga marufuku Dar es Salaam, wakisema unaharibu vijana. Muziki huo haukuzaliwa baa. Ulizaliwa kanisani. Aretha Franklin alikuwa binti wa mchungaji. Na mmoja wa wale wa kwanza kabisa, Sam Cooke, aliyezaliwa mwaka 1931 huko Mississippi, naye alikuwa mtoto wa mchungaji.

Mwaka 1950 Cooke, akiwa hata miaka 20 hajatimiza, aliingia kundi la Injili lililoitwa Soul Stirrers, kwa lugha yetu wachochea nafsi. Alikuwa akiimba, watu makanisani wanalia. Lakini moyo wake ulivutwa na muziki wa kidunia. Akaogopa waumini watasemaje. Unajua alifanya nini? Mwaka 1956 akarekodi wimbo wa mapenzi kwa jina la uongo, akajiita Dale Cook. Jina alibadilisha, lakini sauti haibadiliki! Watu walisikia mstari mmoja wakasema, "Huyu ni Sam." Mwaka 1957 akaacha kujificha, akatoa wimbo "You Send Me", ukashika namba moja Marekani.

Alikuwa mtu mwenye akili. Hakukubali kuwa mwajiriwa wa mwenye vyombo, alianzisha kampuni yake mwenyewe ya kurekodi, na Weusi wachache sana walikuwa na kampuni wakati ule. Aliimba pia juu ya haki za watu weusi, wimbo ambao unaimbwa mpaka leo. Lakini tarehe 11 Desemba 1964, katika nyumba ya wageni huko Los Angeles, usiku, alipigwa risasi akafa. Alikuwa na miaka 33 tu.

Mimi si hakimu wa Sam Cooke, hakimu yuko mmoja. Ninachokuonyesha ni hiki: kuna mtu aliyeanza kuimba kanisani akatoka, na kuna mtu aliyeanza kuimba baa akaingia. Sasa turudi kwa yule aliyeingia.

5. MIAKA YA MWISHO

Miaka ya 2000 ilipoanza, mwili wa Remmy ulichoka. Kisukari kilimwandama, kiharusi kikampiga. Yule mwanamume aliyekuwa anasimama jukwaani usiku kucha akawa mtu wa kusaidiwa. Wanaojua kiharusi wanajua. Mkono unauambia "inuka" na wenyewe hausikii.

Ni katika miaka hiyo ya mwisho Remmy Ongala aliokoka. Aliuacha muziki wa dansi, akaanza kuimba nyimbo za Injili. Watu walishangaa. Wengine walicheka wakasema, "Ameshindwa na muziki, ndo anakimbilia Yesu." Wengine waliona kama wameibiwa mtu wao. Yeye akaendelea.

Angalia vizuri hapa, kijana wa nyuma ya jenereta, kama karatasi hii imekufikia. Je, alitupa sauti? Hakuitupa! Sauti ni ile ile iliyoimba "Siku ya Kufa". Koo ni lile lile. Kilichobadilika ni mwenyewe. Zamani alikuwa anaimba juu ya kifo kama mtu anayegonga mlango wa nyumba asiyoijua. Sasa aliimba juu ya Yule ambaye sisi tunaamini alikiingia kifo akatoka upande wa pili.

Tarehe 13 Desemba 2010, Dar es Salaam, Remmy Ongala alifariki dunia. Alikuwa na miaka 63. Siku ile aliyoiimba ilifika kwake pia. Haikuangalia Ulaya amefika mara ngapi.

6. TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, kipawa si dhambi. Fungua Mwanzo 4:21 utamkuta Yubali, baba wa wapigao kinubi. Fungua 1 Samweli 16 utamkuta Daudi, mchunga mifugo kama vijana wetu wa hapa, anapiga kinubi na mfalme anapata nafuu. Anayekwambia ukiokoka utupe sauti, hajasoma. Na mimi niliyekujibu ovyo usiku ule, nilikuwa nimesahau.

Pili, kipawa hakimwokoi mtu. Cooke alikuwa na sauti ya malaika, sauti haikuzuia risasi. Remmy aliimba ya kweli, ukweli ule haukuzuia kiharusi. Wewe unaweza kutunzwa hela mnadani mpaka kofia ikajaa, ukarudi nyumbani usiku na moyo mtupu. Wewe mwenyewe unaujua usiku huo.

Tatu, usingoje. Hapa ndipo roho yangu inapouma. Tunamshukuru Mungu Remmy aliingia. Lakini alipokuja, mwili wa ujana ulikuwa umeshakwenda. Je, sauti ile ingeimba Injili akiwa na miaka 25, pumzi imejaa, mikono yote miwili iko kwenye gitaa, ingekuwaje? Mhubiri sura ya 12 inamsihi kijana amkumbuke Muumba wake mapema, kabla siku mbaya hazijafika. Na Cooke anatuonyesha kwamba si kila mtu anapewa kiharusi kwanza. Wengine hawapewi hata dakika tano za kufikiri. Bodaboda ya Bariadi haipigi hodi.

Yesu aliuliza swali la biashara, liko Marko 8:36: ukiipata dunia nzima na nafsi ikapotea, faida iko wapi? Sisi wakulima wa pamba tunalielewa. Umelima, umepalilia, umepulizia dawa, umevuna, mgongo umeisha. Unafika kwenye mizani, unakuta hesabu haijai. Machungu yake unayajua. Sasa fikiri ni mizani ya maisha yako yote, na hakuna msimu mwingine wa kulima.

MASWALI YA KUJIPIMA

Jibu mwenyewe, au kaa na rafiki mjibu pamoja.

1. Una kipawa gani? Kuimba, kucheza mpira, kuongea, kuhesabu, mikono ya ufundi? Kiandike.
2. Leo kipawa hicho kinamtumikia nani? Mwenye vyombo wako ni nani?
3. Una jina la pili kama "Dale Cook"? Yaani kuna maisha unayaficha na unadhani sauti haitatambulika?
4. Remmy aliimba juu ya siku ya kufa. Wewe ukiifikiri siku yako, unasikia nini moyoni?

NENO LA MWISHO

Kijana, sikulazimishi. Hata Remmy hakulazimishwa na mtu, alikuja mwenyewe. Kama umesoma mpaka hapa na kuna kitu kinakugusa, usikiue kwa kucheka na wenzako. Nenda pembeni, hata chini ya mwembe, mwambie Yesu kwa maneno yako ya kawaida, Kisukuma au Kiswahili, yote anasikia: mimi ni mwenye dhambi, nimechoka kuwa mali ya kila mwenye vyombo, nipokee, sauti hii na mwili huu viwe vyako kuanzia leo. Akisikia, hakuachi. Kisha tafuta watu waliookoka walio karibu nawe, uwaambie.

Na wewe wa nyuma ya jenereta, kama ni wewe unayesoma: nisamehe kwa jibu la usiku ule. Sauti yako usiitupe. Njoo nayo. Safari hii sitakwambia ngoja Jumapili. Hata Jumatatu asubuhi ukinikuta na jembe mkononi, nitaliweka chini tukae tuzungumze, na kabla hatujaomba nitakuomba uniimbie kwanza.

Mungu akubariki.